Pumzi Sitini na Moja

Maziwa yalikuwa yamechacha tena. Hilo ndilo lililomkasirisha Nesi kwanza, na kwa sababu ya hasira hiyo hakulijali lile jambo la pili, ambalo ndilo lililostahili kujaliwa. Alikuwa ametoka zamu ya asubuhi, saa kumi alasiri, nyayo zinawaka moto. Alifungua friji akitamani glasi moja tu ya maziwa baridi, akakutana na giza na uvundo. Friji ilikuwa imezimwa kwenye swichi ya ukutani. Maana yake ni kwamba mumewe alikuwa anasikiliza jazi na hakutaka mngurumo wake.

Akamwaga maziwa kwenye sinki huku akisonya. Hapo ndipo mtu alipovuta pumzi nyuma ya bega lake la kushoto. Ilikuwa ile pumzi fupi ya mdomoni, anayoivuta mtu aliyekusudia kusema neno.

"Sema basi," Nesi akasema bila kugeuka, akidhani ni mumewe amekuja kujitetea. "Leo utaniambia nini?"

Neno halikuja. Akageuka. Jikoni hapakuwa na mtu, mlango ulikuwa umerudishiwa kama alivyouacha, na hewani palibaki harufu ndogo ya mwanzi uliolowa mate. Harufu hiyo aliijua vizuri, lakini mwenye hasira hana muda wa kunusanusa. Akawasha friji kwa kishindo, akaenda kutafuta mtu wa kugombana naye.

Tumtendee haki huyo mume. Hakuwa mlevi, hakuwa mzururaji, na sahani zake aliziosha mwenyewe. Kazi yake aliifanyia nyumbani, katika chumba kidogo kilichopakana na sebule: watu walimletea hotuba za mahafali, mahubiri na matangazo ya dawa ya meno, naye akazisafisha sauti zao. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, jazi. Kila Alhamisi saa mbili usiku alirusha podikasti yake, kipindi cha mtandaoni cha kuwafundisha watu kuifurahia jazi majumbani mwao. Aliwachagulia rekodi moja, akawaeleza ilivyopigwa, akawaelekeza spika ziwekwe wapi, taa zizimwe zipi, na friji izimwe kwa nini. Wasikilizaji wake walimwita Mwalimu. Sifa hizo zilimwingia kichwani, na kichwa hakikuwa na nafasi kubwa.

Mtoto wao wa miaka saba waliyemwita Kasuku ndiye pekee aliyekaa naye kusikiliza. Kasuku alianza kuongea akifumbua macho asubuhi na hakunyamaza hadi usingizi umfunge mdomo. Sebuleni tu ndipo alipotulia, amekaa kwenye mkeka na kalamu zake za rangi, miguu mbele ya spika.

Sebule yenyewe ilikuwa ya baba yake Nesi. Nyumba nzima ilikuwa yake, ila alishakufa, mwaka wa pili sasa. Alikuwa mpiga saksafoni, ambayo mdomoni ina kipande cha mwanzi, na tangu ujana wake watu walimwita Mzee Pumzi, kwa kuwa kabla ya kila kifungu alivuta hewa kwa nguvu hadi waliokaa meza za nyuma wakamsikia. Waliomcheka aliwajibu kwamba muziki ni ile hewa inayoingia. Inayotoka ni mabaki tu. Mapafu ndiyo yaliyomuua. Nesi alimuuguza mwenyewe, humuhumu ndani, akihesabu pumzi zake kila saa na kuziandika kwenye daftari, hadi siku moja, saa moja asubuhi, hapakuwa na cha kuandika. Mzee aliacha saksafoni iliyopinda na kaseti moja tu aliyojirekodi peke yake sebuleni. Nesi aliifungia kabatini. Hakuwahi kuisikiliza. Alikuwa anangoja siku atakayoweza.

*

Siku iliyofuata, saa ya chai wodini, mwenzake mmoja alikuwa amejibanza karibu na dirisha, spika ndogo masikioni, anacheka hadi machozi yanamtoka. Huyo walimwita Kicheko, na hakuna jina lililowahi kumfaa mtu kama hilo. Alicheka kwenye mazishi, alicheka akichomwa sindano.

"Hebu sikia kituko hiki, dada," akamwambia Nesi, akimchomeka spika moja sikioni. "Ni yule jamaa wa jazi. Nimeisikiliza yote jana usiku, halafu mwishoni kaweka hiki kichekesho."

Nesi akasikia mtu anahema. Pumzi moja, nyingine, nyingine, zimeunganishwa mfululizo bila muziki wowote kati yake, na chini yake mlio wa pampu ya baiskeli. Kisha sauti ya mumewe ikicheka na kusema: haya wapenzi, hivi ndivyo mzee wetu alivyojijaza upepo.

Alizijua. Ile inayokwaruza mwanzoni, ile inayopiga mluzi kidogo kupitia pengo la jino. Alikuwa amezihesabu mwaka mzima. Akaichomoa spika sikioni, akairudisha mkononi mwa mwenzake taratibu.

"Huyo ni baba yangu," akasema.

Kicheko akanyamaza, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. "Jamani. Dada, mimi sikujua."

"Wewe hukujua. Aliyejua yuko nyumbani."

Njia nzima alitembea kwa miguu. Angepanda gari angegombana na abiria.

"Baba Kasuku," akasema akiwa bado mlangoni, "kaseti ya baba iko wapi?"

Mumewe akaondoa mikono kwenye kompyuta. Uso wake ulionyesha kwamba swali hilo alilitegemea, ila si leo. "Niliitoa kabatini, mashine ikaila," akasema. "Mkanda ulikuwa umechoka, ukakatika. Lakini usihuzunike, niliwahi kuiingiza humu. Iko salama kuliko ilivyokuwa. Tena nimeisafisha."

"Umesafisha nini?"

"Makelele. Ile kuhema. Mama Kasuku, fikiria: mtu yuko kwake, amejipikia chai, amezima taa, anataka muziki mzuri, halafu unampa mzee anayehema sikioni. Wasikilizaji wanalalamika. Nimekata pumzi zote. Sitini na moja." Idadi hiyo aliitaja kama mtu anayetaja samaki aliowavua.

"Ukazipeleka wapi?"

"Nini?"

"Pumzi za baba yangu. Ukazipeleka wapi?"

Akaangalia chini. "Kile kichekesho ni cha kuwachangamsha tu watu mwishoni."

"Zirudishe."

"Hazirudi. Za asili nilishafuta, na zile za kwenye kichekesho nimezichanganya na kicheko changu. Haviwezi kutengana tena. Lakini sikiliza kwanza, uone alivyo msafi." Na kabla Nesi hajamzuia, akabonyeza.

Saksafoni ya baba yake ikajaa sebuleni. Kifungu cha kwanza kilimpiga Nesi kifuani, akashika kiegemeo cha kiti. Kisha kifungu kikaisha, na pale ambapo mzee angevuta hewa, hapakuwa na kitu. Huo haukuwa ukimya. Ukimya wa nyumbani una vitu ndani yake, kuna saa ya ukutani, kuna mbwa wa jirani, kuna bomba linalodondosha. Hapa masikio yake yaliziba kama ameinamishwa kwenye kisima, hata saa ya ukutani asiisikie. Kisha saksafoni ikarudi. Kisha shimo tena.

Kwenye mkeka, Kasuku alikuwa anapaka rangi nyumba. Kila saksafoni ilipoacha, mkono wake ulisimama na mabega yake yakatulia kabisa, na kila iliporudi, mabega yakaendelea. Nesi akaangalia mara tatu kuhakikisha. Kazi yake ilikuwa kuangalia vifua vya watu.

"Zima," akasema.

"Bado hujafika sehemu nzuri."

Nesi akauchomoa waya wa spika ukutani kwa nguvu hadi soketi ikatoka na plasta. Kifua cha Kasuku kilikaa kimya kidogo zaidi, kama kinachosubiri ruhusa, ndipo kikapanda.

*

Mtoto wa miaka saba aliyetulia huvuta pumzi ishirini kwa dakika, zaidi au pungufu kidogo. Jumamosi Kasuku alivuta kumi na sita. Jumapili kumi na nne. Jumatatu kumi na moja, na daktari aliyempima akasema mapafu ni safi kabisa, safi kama mapya. Nesi alikaribia kumpiga kwa ajili ya neno hilo. Akachukua daftari lilelile alilomwandikia baba yake, akafungua ukurasa mpya baada ya ule wa mwisho, akaanza kuandika. Aliandika kwa hasira, na chini ya hasira kulikuwa na woga ambao hakutaka kuutazama.

Mumewe alisema mtoto amechoka na shule. Alisema pia kwamba kipindi kile kimepata wasikilizaji kuliko vyote alivyowahi kurusha. Aliyasema yote mawili katika mlo mmoja. Nesi alipokwenda kazini, yeye alikuwa anakiweka tena kwenye spika za chumbani kwake, mtoto miguuni pake, ili ajisikie mwenyewe alivyokata vizuri. Hilo Nesi alikuja kulijua baadaye, na hajamsamehe hadi leo.

Jumanne alasiri Nesi alimkuta Kasuku amesimama katikati ya sebule, amegeukia kona yenye kabati.

"Unaongea na nani, mwanangu?" akamuuliza.

Mtoto akageuka akiwa na furaha, akafungua mdomo, na maneno yakatoka: "Naongea na yule wa kwenye kona mama ambaye alikuja baba alipofungua milango na yeye anasema nyumba yetu ina vyumba sitini na moja na mimi nikamwambia hapana ina vinne na jiko na yeye akasema ni sitini na moja na vyote havina mtu na havina saa na havina mbwa na amelala katika kila kimoja na ni vizuri sana ila ni vidogo kwa hiyo anataka kikubwa kilicho laini kinachopanda na kushuka na akaweka mkono hapa kifuani kwangu akasema hiki na mimi nikamwambia hiki changu na yeye akasema bado kidogo tu bado kidogo tu."

Alisema yote hayo bila kuvuta hewa hata mara moja. Uso wake haukuwa mwekundu, mishipa haikumtoka, alitabasamu tu, na alipomaliza hakuhema kama mtu aliyemaliza. Nesi alimvuta akamkumbatia, akaweka sikio kwenye ule mgongo mdogo. Moyo ulipiga. Hewa haikupita. Kisha, nyuma yao, kwenye kona ya kabati, kitu kikavuta pumzi ndefu, tamu, ya mtu aliyeamka kutoka usingizi mzuri, na harufu ya mwanzi uliolowa ikamwagika sebuleni, nzito sasa, yenye uozo ndani yake.

"Baba," Nesi akasema kwa sauti ya chini, meno yameumana, "kama ni wewe, aliyekukosea namjua na wewe unamjua, yuko chumba cha pili. Mtoto mwache."

Kona ilivuta pumzi tena tu.

Mumewe aliamini jioni hiyohiyo, kwa njia yake. Alikuwa amevaa spika zake kubwa za masikioni, akiisikiliza rekodi kitako, na kwenye kioo cha kompyuta sauti ilijichora kama milima, na pale alipokata palikuwa na mstari ulionyooka kabisa, kwa sababu pasipo na sauti hapana cha kuchora, na alipokuwa akiutazama mstari wa kwanza ulionyooka akasikia ndani yake mtu anageuka kitandani, na mstari haukutikisika, na katika wa pili akasikia mtu anapapasa ukuta, na mstari haukutikisika, na katika wa tatu akasikia mtu amesogea karibu kabisa na sikio lake akavuta hewa ya kutaka kusema, ndipo akazivua spika akazitupa, akazima kompyuta, akaichomoa, na saksafoni ikaendelea kulia vilevile sebuleni kutoka kwenye spika ambazo waya wake ulikuwa bado unaning'inia pale mkewe alipoung'oa, ikalia kifungu, ikaacha, ikalia kifungu, ikaacha, na kila ilipoacha friji ilikatika, saa ya ukutani ikasimama, na taa ikafifia.

Alitoka chumbani akiwa hana rangi. "Mama Kasuku," akanong'ona, "kuna mtu ndani ya zile nafasi."

"Umefika nilipofika," Nesi akamwambia. Alikuwa kwenye mkeka, mtoto mapajani, daftari pembeni. Ukurasa ulisema sita. "Mpigie Shangazi."

*

Shangazi alikuwa dada wa Mzee Pumzi, na katika bendi yao ndiye aliyepiga ngoma kwa miaka thelathini. Bendi ilipokufa, watu waligundua kwamba aliyekuwa na kitu mwilini alitulia akipigiwa na yule mama, basi wakaanza kumletea wagonjwa wao. Yeye mwenyewe hakuipenda kazi hiyo. Alisema mashetani hayana hata adabu ya kupiga makofi mwishoni.

Alifika kesho yake asubuhi, mkoba begani, akakataa kiti, akakataa chai. Hakuitikia shikamoo ya mume. Alimtazama Kasuku aliyelala macho wazi kwenye kochi, kifua kinapanda mara moja, kinasubiri, kinasubiri.

"Ni baba?" Nesi akamuuliza. "Amekasirika?"

"Kaka yangu alikuwa hana hasira hata ya kuua mbu," Shangazi akasema. "Hasira zote za ukoo tulirithi mimi na wewe. Huyu si yeye. Wewe, mkwe, hebu weka hiyo takataka yako."

Mume akauchomeka waya wa spika kwenye soketi nyingine, akaiweka. Shangazi akasikiliza shimo la kwanza, la pili, la tatu, kichwa kimeinama. Kisha akainua kidole, na mume akazima.

"Nani alikufundisha kazi?"

"Nilijifunza studio, Shangazi."

"Studio walikwambia ukikata sauti, pale ulipokata unaweka nini?"

Kila anayefanya kazi ile analijua hilo. Kabla ya kurekodi unawaambia watu wanyamaze, unarekodi chumba kitupu kwa nusu dakika, na kila utakapokata utaziba kwa kipande cha ukimya huo wa chumba, ili masikio yasione pengo. "Ukimya wa chumba," akajibu.

"Uliuweka?"

"Sikuweka. Ilikuwa Alhamisi, watu wananisubiri saa mbili. Nikaacha hivyohivyo."

"Ukaacha nini humo?"

"Sufuri, Shangazi. Hakuna kitu."

"Hakuna kitu," Shangazi akarudia. Ghadhabu yake haikupandisha sauti, iliishusha. "Mtu akihama nyumba, akaiacha bila moto wala mtoto wala sauti ya ufagio, nani anahamia? Hilo hata wewe unalijua, ulipokuwa mdogo ulikatazwa kucheza kwenye mahame. Umemtoa kaka yangu katika vyumba sitini na moja, hukuacha humo hata mlio wa saa, halafu kila siku ukafungua milango yote kwa spika ukamketisha mtoto mbele yake. Ungemwandikia jini barua ya mwaliko asingekuja haraka hivi."

"Nifanye nini?"

"Aliyehamisha ndiye atakayekaa. Kila shimo utalivutia pumzi, yako, ya kweli, hapahapa sebuleni wakati inalia. Sitini na moja, bila kusimama. Ukisimama katikati, yatakayobaki yatakuwa yake, na huyu mtoto atakuwa la sitini na mbili."

Akatoa mkobani fagio zake mbili za waya, zile za kusugulia ngoma, akavuta meza ndogo ya chai akaipigia taratibu, kusudi mume ajue pa kuingilia. Maikrofoni ikawekwa, ili kila pumzi irekodiwe shimoni mwake. Nesi akampakata mtoto, kiganja kwenye mbavu zake.

Kifungu cha kwanza kikaisha. Mume akavuta hewa ndani ya shimo. Saksafoni ikaendelea.

Kumi za mwanzo zilipita kama mchezo. Kwenye ishirini, jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni. Hewa aliyoivuta haikumrudia, ilikuwa inaingia kwake na kupitiliza kwenda mahali pengine, na kila moja ilimpunguza. Kwenye thelathini na tano Kasuku aliinua kichwa kutoka kifuani kwa mama yake.

"Hiki nimeshalala," akasema kwa sauti yake ileile ya kitoto. "Na hiki. Na hiki kina joto langu."

"Usimjibu," Shangazi akasema bila kuacha kupiga.

Kwenye arobaini na nane midomo ya mume ilikuwa ya buluu, magoti yamegusa sakafu, anashikilia mguu wa meza kwa mikono miwili na kutikisa kichwa kumwomba mkewe, na Kasuku alikuwa anaongea mfululizo bila kituo, vyumba vyangu vyangu vyangu kimoja kwa kingine, na harufu ya mwanzi mbovu ilikuwa imejaa hadi machozi yanawatoka, na chini ya kiganja cha Nesi mbavu za mtoto zilikuwa zimeganda tangu shimo la arobaini, hazipandi, hazishuki, na Nesi aliona wazi kwamba mumewe ataacha, kwamba yuko karibu kuacha kama alivyozoea kuacha kila jambo gumu lililohitaji dakika kumi za ziada, akainama hadi sikioni mwake.

"Ulimcheka baba yangu alipohema," akamwambia. "Sasa hema."

Akahema. Hamsini. Hamsini na tano, akitoa mlio wa kukwaruza, mlio ambao Nesi aliujua tangu siku za lile daftari. Sitini. Kifungu cha mwisho cha Mzee Pumzi kilikuwa kirefu kuliko vyote, kikapanda, kikazunguka, kikaisha. Mume alifungua mdomo na hakuna kilichoingia. Nesi akafungua wake.

"Si wewe," Shangazi akasema kwa ukali. Fagio zake zilipiga meza mara moja, kwa nguvu, na kwenye mgongo wa pigo hilo mume akavuta pumzi ya sitini na moja, ndogo, yenye mluzi.

Kwenye kona ya kabati kitu kilianza kuvuta hewa, kikaikosa. Kasuku akainuka kama aliyetolewa ndani ya maji, akavuta hewa yote ya chumba, akaangua kilio. Jikoni friji ikaanza kunguruma.

Nesi akalia pia, kwa hasira, kwa shukrani, hakujua. Akamshika mtoto akahesabu hadi ishirini na moja, akaanza upya, ishirini na moja.

"Na ile rekodi ya kwanza, yenye mashimo, uifute," Shangazi akamwambia mume akirudisha fagio mkobani. "Isibaki popote."

Mume alikuwa amelala chali. Akaitikia kwa kichwa.

*

Wiki mbili zikapita. Maziwa hayakuchacha. Kasuku aliongea kutoka macheo hadi usiku, akivuta hewa puani na mdomoni kwa fujo, na mama yake hakumwambia anyamaze hata mara moja. Mume alikuwa anapumzika katikati ya ngazi, na sentensi zake zilikuwa zimekuwa fupi. Nesi alimpikia, alimfulia, na hakumsemesha zaidi ya lazima.

Jumatano, saa ya chai, aliingia wodini akamkuta Kicheko amekaa dirishani anakunja bendeji, spika ndogo masikioni.

"Dada njoo nikwambie kituko," Kicheko akasema, "maana jana nimepanda gari na mzee mmoja akakaa juu ya mayai ya mtu na mwenye mayai akawa anamtazama tu na yule mzee akadhani anapendwa akaanza kujipangusapangusa na kumtabasamia na mwenye mayai akamwambia baba inuka na yeye akasema sishuki hapa mwanangu." Akaanza kucheka. Ilikuwa hadithi nzuri, na mwanzoni Nesi alitabasamu.

Kicheko aliendelea kucheka. Kicheko chake kilikuwa kilekile, cha sauti ileile, hakikupanda wala kushuka, hakikukatika pale kicheko cha mtu kinapokatika. Mikono yake iliendelea kukunja bendeji.

Nesi akatoa simu. "Ile ya kwanza," akasema mumewe alipopokea. "Uliifuta?"

"Niliifuta. Ya kwenye kompyuta yetu." Akapumzika.

"Sikuulizia yetu."

Nyuma yake Nesi alisikia friji ikinguruma na Kasuku akiimba. "Mama Kasuku," mume akasema, "haijawahi kusikilizwa namna ile. Watu elfu nne. Wananiandikia. Wanaiweka kila jioni, wamekaa na watoto wao. Nilisema niiache mtandaoni, hadi Alhamisi tu." Akapumzika tena, na safari hii hakuendelea.

Nesi hakukata simu. Aliiweka mezani. Akamchomoa mwenzake spika masikioni, akamwekea kiganja mgongoni, akainua macho kwenye saa ya ukutani, akaanza kuhesabu. Mshale wa sekunde ulizunguka wote ukarudi pale ulipoanzia, Kicheko bado anacheka, naye Nesi alikuwa hajapata cha kuhesabu.